Bwana wa Léocadie Iko mu Shimo

Mwiko ungali umesimama ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ile sauti ingali mlangoni.

“Hodi. Bwana yako Tambwe amefika.”

Hapo ndipo tulipomwacha Léocadie wiki iliyopita, moshi machoni, mkono hewani. Wengine wenu mmesema alipaswa kukimbia. Akimbilie wapi? Nyumba ina mlango mmoja, na sauti imeuziba.

Bwana mwingine yeyote angefunguliwa. Lakini Tambwe wa Léocadie ni marehemu. Léocadie mwenyewe ndiye aliyemfumba macho kule Kabambare, akamvalisha koti lake la kahawia asisikie baridi, akasimama kando ya shimo mpaka udongo ukajaa. Kisha vita vikafika, watu wakatawanyika, naye akaingia Kasongo na kikwembe kimoja kiunoni na kingine kichwani.

Wewe uliyeokota gazeti leo tu, labda limefungiwa karanga, shika neno moja. Hadithi yote imening’inia hapo.

Watu wa mradi wa nyumba za bei ndogo walipopita sokoni kutafuta wasio na makao, walimkuta Léocadie chini ya meza ya wauza chumvi. Ndipo alipokuwa akilala. Nyumba zao si za bure: unalipa kwa mikono, unapiga matofali, unakanyaga udongo. Léocadie alikuwa tayari kukanyaga udongo mpaka Nyangwe na kurudi. Lakini nyumba ni za familia. Aliye peke yake hupelekwa kwenye hangari, kulazwa mstari mmoja na wenzake chini ya turubai, kama samaki wa kukaushwa.

Injinia Octave, kijana mpole mwenye viatu vya kutia huruma, alimuuliza:

“Mama, bwana iko?”

“Iko.”

“Iko wapi?”

“Kabambare. Iko mu shimo.”

Basi. Kwetu hapa mwanaume akiwa mu shimo, kila mtu anajua anachimba dhahabu. Octave akafurahi, akamwonyesha kiwanja. Léocadie hakusema uongo. Alisema kweli, akaiacha ijitafutie pa kulala.

Tangu hapo ameishi na bwana asiyemaliza chakula. Anapakua sahani mbili, majirani wakipita waone mbili. Ile ya pili anaila mwenyewe asubuhi, imeganda. Na kila akirudi kutoka kisimani, anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, anangoja kidogo, ndipo anaingia. Majirani wanafikiri ni desturi ya Wabangubangu, watu wa kwao. Si desturi ya mtu yeyote. Ni kwamba nyumba isiyopigiwa hodi inamwogopesha.

Octave alichoka kungoja. Alituma habari kwa watu wa pikipiki, Lusangi mpaka Kabambare, mashimo yote: Tambwe, bwana wa Léocadie, aje, nyumba inamngoja. Na leo mchana angekuja mwenyewe kumwona kwa macho. Bwana asipoonekana, nyumba inakwenda kwa familia nyingine na mama anakwenda hangarini.

Sasa turudi mlangoni, maana mvua inamnyeshea mtu.

“Tambwe gani?” Léocadie aliuliza bila kufungua.

“Wako.”

“Wangu analala.”

“Amelala mingi, mama. Fungua, sisi tunalowana.”

Alisema sisi. Léocadie hakulisikia vizuri neno hilo, kwa sababu ya mvua juu ya mabati. Nyinyi mmelisikia. Liwekeni.

Akafungua. Mwanaume mrefu, mwembamba, koti la mvua jeusi la plastiki limefungwa mpaka kidevuni, buti nyekundu kwa tope la machimbo. Kifuani alikumbatia mfuko wa mchele uliofungwa kwa kamba. Akapiga chafya. Hilo lilimtuliza Léocadie kidogo, maana hakuna aliyewahi kusikia mzimu una mafua.

“Wewe haiko Tambwe.”

“Sikusema ni mimi, mama. Mimi Josué. Naomba hii mfuko isilale inje.”

Mdomo wa Léocadie ulikuwa ukitafuta tusi. Ukatoa neno lingine kabisa, neno ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu ipigwe mabati, kwa sababu hakuwepo wa kuambiwa.

“Karibu.”

Akalisikia mwenyewe. Ikabidi ageuke akoroge sombe isiyohitaji kukorogwa.

Mwanaume aliuweka mfuko pembeni, kwenye mkeka, mahali pakavu, polepole kama anayelaza mtoto. Kisha akavua kofia.

“Mama, kuko neno moja nilipaswa kusema mbele ya yote.”

“Njiani umeona kijana na pikipiki?”

“Nimemupita kwenye daraja. Gurudumu imezama mu matope. Anauliza kila mutu habari ya Tambwe. Lakini mama, ile neno—”

“Neno itangoja.” Léocadie alifunga mlango kwa mgongo. Kichwa chake sasa kilikuwa kinakimbia kuliko pikipiki ya Octave. “Uko na bibi?”

“Hapana.”

“Watoto?”

“Hapana.”

“Nyumba?”

“Nalala mahali hawajanifukuza bado.”

Lile jibu lilimpata Léocadie pabaya. Maneno hayo alikuwa hajayasikia ila kutoka kinywani mwake mwenyewe.

“Basi sikiliza, Josué. Mpaka jioni wewe ni Tambwe. Ukiwa Tambwe muzuri, utalala barazani, na sombe utakula. Ukiwa Tambwe mubaya, tunalala hangarini sisi wawili. Unakoromaga?”

Josué alifikiri.

“Sijui. Hakuna mutu amekuwa karibu ya kuniambia.”

Léocadie angecheka, lakini mlango ulisukumwa. Haukupigiwa hodi. Mtu mmoja tu katika mtaa mzima huingia hivyo.

“Mama Léocadie, nisaidie chumvi kidogo.”

Ni Dorothée, jirani. Chumvi ya Dorothée haikuwa imeisha. Kilichoisha ni subira. Dada yake Rosine analala kwenye baraza la kanisa na watoto wote, na kama Léocadie hana bwana, nyumba hii ni ya Rosine. Léocadie anajua hivyo, na huwa hawezi kumchukia vizuri. Mwizi mwenye sababu anakunyima hata raha ya kumtukana.

“Kumbe kuko mugeni,” Dorothée alisema.

“Haiko mugeni. Ni mwenye nyumba.”

Dorothée alimpima mwanaume kuanzia buti mpaka nywele, na kurudi kwenye buti.

“Shemeji, karibu. Sisi tulizani wewe ni upepo.”

“Upepo haikulagi sombe, shemeji,” alijibu Josué, akainamia sufuria motoni.

“Na jua linakuja. Huvui hiyo plastiki?”

“Nasikia baridi.”

“Mm.” Dorothée aliketi bila kukaribishwa, chumvi imesahaulika. “Niambie basi. Wewe unamujua bibi yako. Anapendaga nini?”

Hilo hawakulipanga.

“Anapendaga nimuache akasirike mpaka amalize mwenyewe,” alisema Josué.

Dorothée alijikuta anaitikia kwa kichwa. Yeye pia ameolewa.

“Na kule machimboni? Ulikuwa unamuwaza nani, shemeji? Wasichana wa pale wanajua kupika.”

Macho ya Josué yalikwenda pembeni, kwenye mkeka, yakakaa huko.

“Mutu wa nyumba hii,” alisema. “Mimi nimemubeba njia yote, shemeji. Juu ya mugongo. Mvua, jua, sikumutua.”

Dorothée alijifuta jicho kwa pembe ya kikwembe, akajikasirikia kwa kulifuta.

“Wanaume wa Kabambare,” alisema. “Hawana pesa, lakini maneno wako nayo.”

Léocadie alimtazama mgeni. Mwongo mzuri, alifikiri. Mwongo mzuri sana.

Nje, pikipiki ilikohoa na kufa.

Octave aliingia na matope mpaka magotini. Alipomwona mwanaume kando ya moto, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepona jino.

“Papa Tambwe. Nimekutafuta mpaka pikipiki inajua jina yako.”

“Nilikuwa mu shimo,” alisema Josué.

“Najua, mama aliniambia. Sasa, papa, nyumba hii inakosa kitu moja tu. Choo. Sheria ya mradi: baba wa nyumba anachimba shimo ya choo na mikono yake. Wote walichimba. Mama alisema anakungojea wewe. Ukichimba, nitaacha ufunguo leo.”

Léocadie alishusha pumzi. Kumbe mtihani ni huu tu? Kumwambia mchimba dhahabu achimbe choo ni kumwambia samaki aoge.

Lakini Josué alikuwa amebadilika rangi.

“Kesho,” alisema.

“Kesho niko Kabambare, papa.”

“Udongo imelowana.”

“Ndiyo iko laini,” Dorothée aliingilia, akiwa amesimama tayari. Amenusa kitu. “Mutu wa mashimo anaogopa shimo?”

Josué alimtazama Léocadie, jicho la mtu anayeomba ruhusa ya kusema jambo. Léocadie akamkunjia uso: chimba, bwana wee, chimba. Josué akachukua beleshi, akatoka.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua la Kasongo likatoka na hasira ya aliyefungiwa ndani. Josué alianza nyuma ya nyumba, pale Octave alipopiga vijiti, na lazima tuseme ukweli, mtu yule alijua kazi. Udongo ulikuwa unaruka nje wenyewe. Kifundo cha mguu, goti, paja. Ila lile koti la mvua hakulivua. Mvuke ulimtoka shingoni kama chungu.

Watu wa mtaa wakaanza kukusanyika. Mume aliyekuwa hadithi, leo anaonekana mpaka jasho.

“Mama Léocadie,” Dorothée alisema kwa sauti ya wote, “leo nimeamini. Kweli bwana iko mu shimo.”

Wakacheka. Hata Léocadie alicheka, na kicheko kilipotoka kilimshangaza, kilikuwa na kutu. Alijiona amesimama nyuma ya nyumba yake, kati ya watu, mwanaume anachimba, sombe iko motoni. Mtu akipita barabarani angesema: tazama, familia. Kwa muda mfupi ule alikuwa karibu kusahau kwamba jioni itafika.

“Papa, utaivia humo ndani,” alisema Octave. “Vua hiyo kitu.”

“Sina shida.”

“Mchimbaji gani anachimba na koti ya mvua?” Dorothée hakucheka tena. “Anaficha nini?”

Octave naye akakunja uso. Mpole, lakini si mjinga. Alikwishaingiza mkono mfukoni kutoa ufunguo. Mkono ukabaki mfukoni.

Josué alichomeka beleshi kwenye udongo. Shimo lilikuwa limemfika kiunoni. Akawageuzia mgongo, akafungua koti la mvua, kifungo kimoja kimoja, akalitupa ukingoni. Kisha akageuka, akainua uso kwa Léocadie peke yake.

Ndani alikuwa amevaa koti la kahawia.

Makoti ya kahawia ni mengi duniani. Lakini kifungo cha pili cha koti hili kilikuwa cha njano, kikubwa kama jicho la bundi, kimeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Léocadie alikijua. Alikikata kwenye gauni lake mwenyewe, usiku ule Tambwe alipokufa, kwa sababu koti lilikosa kifungo na hakutaka bwana yake aende kifua wazi.

Alikuwa amelitazama koti hili kutoka juu, limelala ndani ya shimo. Leo anasimama ukingoni, anatazama chini, na koti liko mle mle, limesimama.

Akahesabu vifungo kutoka juu: cha pili, ndicho.

“Ni koti tu,” mtu alisema nyuma, kwa masikitiko.

Octave akacheka kwa aibu, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Léocadie. Ulikuwa na joto la mfuko.

“Nisamehe, mama. Mbele ya Dorothée, useme tu, nimalize kazi. Bwana iko?”

Hapo, wasomaji wangu, dunia yote ilikuwa juu ya ulimi wa mwanamke mmoja. Akisema huyu simjui, amevaa nguo ya maiti yangu, ufunguo unarudi mfukoni na yeye anarudi chini ya turubai. Akisema ndiyo, analala nyumba moja na mtu aliyemvua marehemu koti lake. Dorothée alikuwa akimtazama mdomo. Josué alikuwa akimtazama macho.

Léocadie alikunja vidole juu ya ufunguo.

“Iko,” alisema. “Iko mu shimo.”

Mara ya kwanza aliposema maneno hayo yalikuwa kweli. Safari hii hakujua ni nini.

Octave aliwapa mkono, akaondoka. Watu wakatawanyika, familia iliyokamilika haina cha kutazamwa. Dorothée alibaki kidogo, akasema polepole, “Basi Rosine atangoja,” akaenda zake bila chumvi. Pikipiki ikasikika, kisha haikusikika.

Wakabaki wawili, mmoja juu, mmoja chini.

“Kifungo ya pili,” alisema Léocadie.

Josué alikifunika kwa kiganja.

“Nilipaswa kusema mbele ya yote, mama. Ulinikataza.”

“Sema sasa. Usitoke humo. Sema ukiwa humo humo.”

Hakutoka. Alivua kofia aliyoivaa tena kwa ajili ya jua, ingawa mtu aliye shimoni tayari yuko chini ya kila mtu.

“Kule Kabambare walisema makaburi iko juu ya dhahabu. Walianza kuchimba. Mimi nilikuwa mu kazi, mama, sikatai. Tulipofika kwa mutu mwenye koti hii, wenzangu walitupa mifupa kando, ku mvua. Mimi nilishindwa kuiacha. Muzee mumoja aliyekuwa ku maziko alisema, ile kifungo ni ya bibi ya Tambwe, alikimbilia Kasongo. Kisha watu wa pikipiki walileta habari: Tambwe aje, nyumba inamungoja.”

Léocadie alikaa chini pale pale, kwenye udongo mpya.

Hata Tambwe, basi. Wamemfukuza hata yeye. Alidhani katika nyumba yao kuna mmoja angalau aliyepata pa kulala bila kusumbuliwa, naye alikuwa akinyeshewa kando ya shimo lake bila koti, wakati mkewe anampakulia sahani ya pili.

“Nilivaa koti sababu bila hiyo hungeniamini, na niliifunika mpaka nikuambie kwanza,” alisema Josué. “Na kwenye mlango wako sikusema uongo. Nilisema, bwana yako amefika.”

Sombe ilikuwa inaungua. Harufu iliwafikia, na hakuna aliyejali.

“Iko wapi?” aliuliza Léocadie, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Josué, Tambwe iko wapi?”

Mwanaume aliinua kidevu, akamwonyesha mlango ulioachwa wazi, na ndani, pembeni, juu ya mkeka mkavu, mfuko wa mchele uliofungwa kwa kamba.

“Haiko mu shimo tena, mama,” alisema. “Iko mu nyumba.”